Mguu wa Siku ya Maziwa

Niliporudi nyumbani Nyakato na shahada yangu ya fizikia, nilikuta kesi inanisubiri. Mshtakiwa alikuwa baba mdogo, na kosa lenyewe hakuna aliyekuwa amelitamka mbele yake. Lilisemwa kwa kuzunguka. Mama alikuwa akimwangalia anavyoshuka kwenye gari, anauliza, "Shemeji, leo tena petroli imeisha?" halafu anaendelea kuchambua mchele kama vile hajauliza kitu. Baba mdogo naye anajibu kwamba gari limezeeka, au matuta yamezidi barabarani, au petroli ya siku hizi imekuwa nyepesi. Kila siku ilikuwa na sababu yake.

Gari lenyewe ni kirikuu, ile pikapu ndogo yenye uso bapa inayobeba kila kitu hapa Musoma, kuanzia vitanda mpaka mbuzi. Baba alituachia hiyo alipofariki. Mama ndiye mwenye mali, na mdogo wake baba ndiye dereva. Siku tatu za wiki ilipeleka dagaa wakavu wa Mama kutoka Mwigobero, ufukweni, hadi sokoni Bunda. Siku tatu nyingine ilikwenda Butiama kuchukua maziwa ya wafugaji na kuyaleta kwa akina mama wenye vibanda vya maziwa Nyakato. Jumapili ilipumzika, na sisi tukaenda kanisani.

Shida ni kwamba ilikuwa inakunywa. Na ukimwambia mtu yeyote Mwigobero kwamba gari lako linakunywa sana petroli, atakuangalia kwa huruma, kisha atakuuliza dereva wako ni nani. Kila mtu anajua habari za mpira wa nusu mita na dumu: mpira unaingizwa kwenye tanki, dereva anavuta kwa mdomo mara moja, petroli inashuka yenyewe kwenye dumu, na jioni dumu linauzwa kwa vijana wa bodaboda. Inaitwa kunyonya. Mama hakuwa amemwona shemeji yake akinyonya. Hakuwa pia na maelezo mengine.

Kwa hiyo alikuwa ametafuta mteja. Fundi seremala mmoja wa Kabasa, pale Bunda, alitaka gari la kusambazia vitanda vyake, na walikubaliana kwamba mwisho wa mwezi ataliona na kulichukua. Gari likiondoka, baba mdogo, mwenye watoto watano, angebaki bila kazi. Na angebaki na jina. Musoma ni mji ambao habari zinafika kabla yako. Dereva ambaye shemeji yake ameuza gari kwa sababu ya mafuta, nani atampa funguo za gari lingine?

Niseme ukweli mapema: nilirudi nikiwa upande wa Mama. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, ajira za ualimu hazijatoka, na chuo kilikuwa kimenifundisha kutoamini kitu chochote ambacho hakijapimwa. Nilimpenda baba mdogo, lakini sikuona kwa nini kumpenda kuwe ushahidi.

Yeye mwenyewe hakusaidia kesi yake. Alikuwa mtu wa kuamini kila ujanja unaotembea kijiweni. Alijaza mafuta alfajiri tu, kwa sababu petroli ya baridi, alisema, imeshikamana, ya mchana imevimba. Alikuwa amefunga sumaku ya spika mbovu kwenye bomba la petroli ili "kuzinyoosha zile chembe chembe". Kwenye mteremko alikuwa anatoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe, uso wake ukiwa na furaha ya mtu anayesafiri bure. Na siku moja, nikiwa nimekwenda Mwigobero kumpelekea Mama chakula, nilimkuta ameinama kwenye mdomo wa tanki akidondosha vitu vyeupe, kimoja kimoja.

"Baba mdogo, hivyo ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya gari. Wewe si umesoma sayansi?"

Vilikuwa vile vidonge tunavyoweka kabatini ili nguo zisiliwe na nondo. Madereva wenzake wanne walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha magunia, wanatusikiliza bila kujificha.

"Nawekaga vinne kwa tanki," akasema. "Mwezi uliopita niliweka, ile petroli ya elfu ishirini ikanipeleka mbali kuliko kawaida. Waulize hawa."

"Ni kweli," mmoja akasema. "Hata mimi niliweka. Ilitembea."

"Mwezi uliopita bei ya petroli ilishuka," nikasema.

"Sasa hiyo inahusiana nini?"

"Wewe unanunua ya elfu ishirini. Bei ikishuka, elfu ishirini ile ile inakupa petroli nyingi zaidi. Gari limetembea mbali kwa sababu ulipewa nyingi. Vidonge havijafanya kitu."

 Nikaona anahesabu kitu kichwani. "Ndiyo maana," akasema polepole. "Mwezi huu nimeweka sita, na imekuwa mbaya kuliko zamani."

"Mwezi huu bei imepanda."

Wale wanne wakaangua kicheko. "Dah, mzee, umefungwa goli na mtoto wako mwenyewe."

"Huyu si mtoto," baba mdogo akasema, akifunga tanki. "Huyu ni profesa. Kazi yake ni kuuliza."

"Analipwa?"

"Halipwi. Ndiyo maana anauliza sana."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na kichwa kikubwa. Lakini njiani jambo lile lilianza kunisumbua kwa namna nyingine. Nikagundua kwamba hakuna dereva hata mmoja pale kijiweni aliyewahi kununua petroli kwa lita. Wote wananunua ya elfu kumi, ya elfu ishirini, ya elfu saba. Mita za mafuta za kirikuu zao zimekufa zamani. Bei inabadilika kila mwezi, na wao kila mwezi wanajaribu dawa mpya. Kijiwe kizima kilikuwa kinapima urefu kwa kamba inayorefuka na kufupika. Na Mama pia, mwenye kesi, alikuwa anapima kwa kamba hiyo hiyo.

Nikamwambia Mama anipe wiki tatu zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi. Nipime. Kama shemeji yake ananyonya, nitamwonyesha kwa lita. Kama hanyonyi, nitamwonyesha pia.

"Na kama hujui?" Mama akauliza.

"Nitasema sijui."

"Hilo ndilo mnafundishwa chuo," akasema, lakini akakubali.

Njia yangu ilikuwa rahisi mno hata niliona aibu kuiita njia. Kila safari inaanza na tanki lililojaa mpaka petroli inaonekana mdomoni, pampu ile ile, mhudumu yule yule, gari likiwa limesimama pale pale. Likirudi, linajazwa tena mpaka mdomoni. Kilichoingia ndicho kilicholiwa. Kilomita tunasoma kwenye dashibodi, kwa bahati mita hiyo ilikuwa hai. Baba mdogo hakupinga. Alifikiri tunapima ujanja wake, na alikuwa na hakika kwamba utashinda.

Haukushinda. Tulitoa sumaku, hakuna kilichobadilika. Tulijaza alfajiri, tukajaza saa nane mchana, ikawa ile ile, kwa sababu petroli ya kituo inakaa ndani ya ardhi, nayo ardhi haijui kama kumekucha. Kutoa gia mteremkoni kuliokoa kiasi ambacho sikuweza hata kukiona, na siku moja breki zikatoa harufu ya kuungua. Kila nilipomletea matokeo, baba mdogo alisikiliza kwa adabu kama mgonjwa anayesomewa majibu ya mtu mwingine.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukitafuta.

Siku za maziwa gari lilikunywa kidogo. Siku za dagaa lilikunywa sana. Tofauti ilikuwa kubwa: lita moja ya siku ya maziwa ilikwenda karibu robo zaidi ya lita moja ya siku ya dagaa. Nikarudia hesabu. Maziwa ni mazito, keni zake hulaza springi za nyuma. Gunia la dagaa wakavu unalibeba kwa mkono mmoja. Mzigo mzito ulikuwa unakula petroli kidogo kuliko mzigo mwepesi, na kila mmoja unabebwa nusu ya safari tu: keni huenda Butiama zikiwa tupu, na gari hurudi tupu kutoka Bunda.

Nilikaa kitandani na karatasi zangu, na wazo lililonijia kwanza lilikuwa baya. Butiama baba mdogo hasimami: anafika, anapakia, anarudi kabla maziwa hayajaharibika. Bunda anashinda kutwa nzima akisubiri dagaa waishe. Kama kuna mahali pa mpira na dumu, ni Bunda. Nikajiona nimemkamata. Nilisikia hata raha kidogo, raha ya jibu kutokea, na leo raha hiyo bado inanitia aibu.

Safari iliyofuata ya Bunda nikapanda gari. Nikasema nataka kuona soko. Kutwa nzima sikutoka kwenye kiti. Baba mdogo alipokwenda kula, nilibaki. Aliponiletea soda nikaipokea dirishani. Alipokwenda kusalimiana na wenzake upande wa pili, nilifumba jicho moja na la pili likabaki kwenye mfuniko wa tanki.

Tulirudi. Tulipokuwa tumepita Kiabakari, akasema bila kunitazama, "Soko umelionaje?"

"Zuri."

"Umeliona ukiwa ndani ya gari."

Nikageukia dirishani.

"Mwanangu, ungesema tu. Ningekuletea na mkeka ulale chini ya tanki."

Alisema kama utani, na mimi nikajaribu kucheka. Alikuwa amekanyaga mafuta zaidi kuliko kawaida. Alifika kwenye tuta, akapiga breki, tukaruka, akakanyaga tena. Hivyo hivyo mpaka Musoma.

Tulipojaza, lita zikawa zile zile za siku zote za dagaa. Kutwa nzima nimelilinda tanki, na petroli imeliwa kama kawaida. Maana yake ilikuwa moja: kama leo hakunyonya na leo ni sawa na siku nyingine, basi siku nyingine pia hanyonyi. Nilikimbia kumwambia Mama.

Mama alinisikiliza akiwa ameshika ungo. "Leo ulikuwepo," akasema.

"Ndiyo, na imekula vile vile."

"Basi leo aliendesha vibaya makusudi, ili ilingane."

Nikamwangalia mama yangu, mwanamke aliyeishia darasa la saba, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba ugonjwa wangu wa kutoamini sikuupata chuo kikuu. Na alikuwa na haki.  Kama baba mdogo hanyonyi, petroli inakwenda wapi?

Zikabaki siku kumi.

Nilianza na upepo. Magunia ya dagaa yalipangwa juu mpaka kuipita kabini, gari linasukuma hewa kama mtu aliyebeba mlango. Nikaomba yapangwe chini, yafungwe vizuri kwa turubai. Ikasaidia, lakini kidogo. Pengo kubwa lilibaki pale pale.

Ndipo nikapanda kwenda Butiama, mara hii si kumlinda mtu. Nilikuwa nimeishiwa mawazo.

Kwenda, keni zikigongana nyuma, alikuwa dereva yule yule ninayemjua. Tulipopakia maziwa na kugeuza, ikawa kama ameketi mtu mwingine kwenye usukani. Sijui nieleze vipi. Aliondoa gari kama anayemwondoa mtoto aliyelala mgongoni. Tuta lililokuwa mbali, ambalo mimi sikuwa nimeliona, alikuwa ameshaliona yeye, na mguu wake ulikuwa umeshaachia mafuta. Gari likapungua lenyewe, likapanda tuta kwa mwendo wa kutembea, likashuka, likaendelea. Kutoka Butiama hadi Makutano alikanyaga breki mara chache kiasi kwamba niliweza kuzihesabu kwa vidole. Basi lilitupita, lori likatupita, pikipiki yenye kreti za soda ikatupita. Hakujali.

"Mbona unaendesha hivi?" nikauliza.

"Hivi vipi?"

"Taratibu."

"Si nimebeba maziwa? Maziwa ukiyapiga yanaachia mafuta, yanaelea juu. Wale mama wa Nyakato akifungua keni akaona mafuta yanaelea, anakurudishia yote. Maziwa hayataki fujo."

"Na dagaa?"

"Dagaa wamekufa tayari."

Nilicheka, kisha nikaacha ghafla, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kila unapopiga breki unatupa mwendo ambao umeshaulipia kwa petroli, kisha unaulipia tena upya. Barabara ya Bunda ina matuta bila idadi, na kwenye kila tuta baba mdogo alikuwa anafika na mwendo wote, anautupa, anaununua tena. Mnyonyaji alikuwepo kweli. Alikuwa breki.

Lakini nilikuwa nimeshawahi kuelewa mara moja, nikaishia kulinda tanki. Safari hii nilitaka kupima kwanza. Siku ya dagaa iliyofuata nikanunua ndoo ya maziwa, nikaingia nayo ndani ya gari, nikaiweka katikati ya miguu yangu. Mfuniko nikauweka juu bila kuubana.

"Hiyo ya nani?"

"Kuna mama mmoja Kabasa ameagiza."

"Maziwa na dagaa gari moja. Huyo mama atakunywa chai ya samaki." Lakini akaliondoa gari taratibu. Mguu wake ulikuwa umeshasikia.

Tulifika Bunda hakuna tone lililomwagika. Tulirudi na ndoo ile ile, maana mama wa Kabasa hakuwepo duniani. Tulipojaza Musoma, nilisoma namba ya pampu mara mbili, nikamwomba na mhudumu aisome kwa sauti. Dagaa wamesafiri kwa petroli ya maziwa.

Nikamweleza baba mdogo yote pale pale kituoni: ndoo, mama wa uongo, breki. Nilitegemea afurahi. Aliweka mkono juu ya usukani.

"Kwa hiyo bado mwizi ni mimi," akasema. "Mlikuwa mnatafuta mpira, mmekuta ni mguu."

"Mwizi ni haraka, baba mdogo."

"Haraka ya nani?" Akanigeukia. "Wewe unayeuliza kila kitu, umewahi kuuliza hiyo? Nikifika Makutano mama yako anapiga. Shemeji umefika wapi. Nikifika Kiabakari anapiga. Shemeji dagaa wa watu wameshashushwa, wateja wataisha. Nikikaribia Bunda anapiga. Mimi nina miguu miwili, mmoja umekanyaga mafuta na mwingine umekanyaga breki, na sikio lina simu. Maziwa hayapigi simu."

 Nilikuwa nimepima joto la petroli, sumaku, upepo, urefu wa magunia, na sikuwa nimempima mama yangu.

Nilimweleza Mama jioni hiyo, na nililainisha kadiri nilivyoweza. Alikana kwanza. Kisha akatazama simu yake, orodha ya namba alizopiga, akairudisha kwenye mfuko wa gauni. "Akiendesha taratibu hivyo atachelewa soko," akasema.

"Alichelewa dakika kumi na mbili. Nilipima."

"Nitaona kwa macho yangu," akasema. "Ijumaa ninaenda kumwonyesha fundi gari. Nitakaa mbele."

Kabla ya Ijumaa tulijaribu bila maziwa, na tukashindwa. Niliweka ndoo ya maji. Tulipofika kwenye lori la kwanza baba mdogo akalipita. "Mguu unajua kwamba ni maji," akasema kwa masikitiko. Nilianza kuogopa. Kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya mguu wa mtu mmoja, na mguu ule ulikuwa hauamini nadharia.

Ijumaa tulijaza mpaka mdomoni. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kimesimama. Kirikuu ina viti viwili tu, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, nikitazama kupitia kidirisha cha nyuma ya kabini. Nilimletea baba mdogo ndoo ya maziwa. Akaikataa.

"Leo sihitaji. Nimembeba mwenye gari mwenyewe. Akitikisika, nimekwisha."

"Endesha, shemeji," Mama akasema. "Acha maneno."

Sikusikia walichozungumza njiani. Nilichoona ni kilemba. Kilemba kile kilikuwa mita yangu. Kwenye tuta la kwanza kiliinama kidogo, kikarudi. La pili hakikuinama. Tulipopita Makutano, kirikuu nyingine ya Mwigobero, yenye dagaa pia, ilitupita ikipiga honi, na dereva wake, mmoja wa wale wanne, akatoa kichwa.

"Mzee, mnakwenda msibani?"

Niliuona mkono wa baba mdogo ukitoka dirishani na kumpungia kwa heshima, kama chifu. Mwendo haukubadilika. Hapo ndipo nilipojua tumeshinda, hata kabla ya pampu.

Tulipoingia Bunda, dereva yule alikuwa ndiyo kwanza anafungua kamba za turubai lake.

Fundi seremala alikuwa anatusubiri kwenye kituo cha mafuta kando ya soko, kofia nyeupe kichwani na vumbi la mbao kwenye nyusi, pamoja na fundi magari aliyekuja naye. Tukasalimiana. Mama akamwambia, "Kabla hujaangalia, tujaze kwanza tujue limekula nini." Fundi akaona ni haki.

Pampu ikazunguka. Kwa kawaida safari ya Bunda, kwenda tu, ilimeza lita sita na zaidi. Mhudumu akasimamisha kwenye nne na nusu.

"Imejaa."

"Haijajaa," Mama akasema. "Litikise."

Tukalitikisa gari, mimi na baba mdogo, kila mmoja upande wake. Mhudumu akaongeza kidogo, petroli ikaonekana mdomoni, ikadondoka hata chini. Haikufika tano. Mama akainama, akachungulia ndani ya tanki mwenyewe, kilemba kikigusa bodi. Akasimama, akajipangusa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Fundi seremala naye alikuwa ameisoma pampu. "Mama, gari lenyewe linakunywa kidogo namna hii. Kwa nini unaliuza?"

"Ndiyo najiuliza."

"Naweza kuongeza kidogo kwenye ile bei."

"Hapana, fundi. Nisamehe nimekusumbua. Gari haliuzwi." Akafikiri kidogo. "Lakini si unataka vitanda vyako vifike Musoma? Huyu hapa anarudigi tupu siku tatu kwa wiki."

Fundi akamwangalia baba mdogo. "Vitanda vyangu nimevipiga msasa. Sitaki michubuko."

"Huyu amebeba maziwa toka Butiama," Mama akasema, "na wale mama wa Nyakato hawajawahi kumrudishia keni. Muulize yeyote."

Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimekipanga, na nisingethubutu kumwomba akifanye. Aligeuka akamtazama baba mdogo, mbele ya fundi, fundi magari, mhudumu na dereva yule wa Mwigobero aliyekuwa amesogea kusikiliza.

"Shemeji, mimi nilikudhania unaninyonya mafuta. Nilikaa na hilo moyoni muda mrefu, na kuna watu niliwaambia. Hukuninyonya hata tone. Nasema mbele ya hawa, na waliosikia lile nitawafuata niwaambie hili."

 Baba mdogo alivua kofia, akaitazama ndani kama anatafuta jibu humo, akaivaa tena.

"Nimesikia, shemeji. Na mimi nilikuwa nakata simu zako nyingine nasema mtandao mbovu. Yaishe."

"Yaishe," Mama akasema, na nikamwona anauma mdomo asicheke.

"Na mimi," nikaanza, "siku ile ya soko..."

"Wewe profesa usiombe radhi." Alikuwa tayari amefungua mlango wa nyuma ili tushushe dagaa, kifua mbele, sauti juu ili yule dereva mwenzake asikose neno. "Wewe endelea kuuliza. Ila siku nyingine, kabla hujauliza tanki, anza na dereva."